Ni Damu ya Nani?

Dada yangu alipoambiwa ana lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe, swali la kwanza nyumbani kwetu Kibuli halikuhusu dawa. Lilikuwa: "Hii ni damu ya nani?" Shangazi akasema si ya kwao. Mama akanyamaza. Nami, msomi wa chuo kikuu, nikajikuta nahesabu moyoni wagonjwa wa upande wa mama.

Nilipokwenda kusoma, niliona swali lenyewe ni bovu. Lupasi haina jeni moja ya kulaumiwa. Wataalamu wamekwisha kutambua zaidi ya sehemu 100 za urithi zinazohusiana nayo, nyingi zikiongeza hatari kidogo tu. Baadhi hutoka kwa baba, nyingine kwa mama, na wazazi wote wawili wanaweza kuwa wazima. Zinakutana kwa mtoto. Hata zikikutana, si hukumu: katika mapacha wa kufanana, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake haugui.

Kilichonigusa zaidi ni jeni iitwayo FCGR2B, ambayo ni kama breki ya kinga. Ina umbo moja linalolegeza breki hiyo. Anayelirithi kwa baba na kwa mama huwa katika hatari zaidi ya lupasi. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa watoto wa Kenya waliolirithi hivyo walikingika zaidi na malaria kali. Tunachokiita kasoro ya ukoo huenda ndicho kilichowavusha bibi zetu utotoni.

Ndugu zangu, wengi wetu tuko katika umri wa kuposa na kuposwa. Mchumba ana haki ya kuambiwa ugonjwa uliopo. Kuuficha ni hadaa. Lakini kusema ukweli si kumshtaki mama wa mgonjwa. Mtu huulizwa alichokitenda, na hakuna aliyechagua jeni zake wala za mwanawe. Kuamini kadari hakutuondolei wajibu wa kutibu na kuuguza. Kunatuondolea kutafuta mshtakiwa.

Jioni moja nilimwomba mama msamaha kwa hesabu ile ya kimya. Akauliza, "Hesabu gani, mwanangu?" Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akasema, "Mpelekee dadako dawa, saa imefika."

Wallahu aalam.