Rakaa za Alfajiri

Kibokoni, Mji wa Kale, yupo fundi wa kuchonga nakshi za milango. Mgongo ulimwanza akiwa na miaka 23. Alfajiri alisalia kitini, kiuno kimekaza kama bawaba iliyoshika kutu. Adhuhuri alirukuu na kusujudu sawa na wenzake. Barazani, penye kahawa, wakasema ni uvivu wa kuamka. Msikiti mzima uliiona dalili ile miaka minane.

Mamake alimhurumia. "Mwanangu, mgongo wataka kupumzishwa." Akakatazwa kuogelea, akalazwa sakafuni, akakandwa kwa mafuta ya habasoda, akaumikwa. Kadiri alivyolala ndivyo alivyoamka vibaya. Usiku wa manane maumivu yalimwamsha, akawa azunguka uani mpaka yapoe. Mara jicho moja likawa jekundu, halistahimili mwanga. Likatiwa dawa peke yake, kiuno kikaachwa peke yake.

Akiwa na miaka 31, daktari akamwuliza, "Wauma ukifanya kazi, au ukipumzika?"

"Nikifanya kazi hupoa, daktari. Nikilala ndio balaa."

Mgongo uliochoshwa na kazi hupata nafuu kwa kulala. Wake ulilegea kwa mwendo, kwani ulikuwa na ankilozingi spondilaitisi: kinga ya mwili huleta uvimbe kwenye maungio ya uti, hasa pale uti unapokutana na nyonga, kisha mfupa mpya huota na pingili zikashikana. Huanza ujanani, aghalabu kabla ya miaka 45, na jicho lile jekundu ni la ugonjwa huohuo. Mwaka 1973 watafiti waliuhusisha na alama ya kurithi iitwayo HLA-B27. Kwa Waafrika wengi alama hiyo ni adimu, na nadhani ndiyo maana huku kwetu hautajwi upesi. Eksirei ya mwanzo nayo yaweza kuwa safi, mgonjwa akarudishwa nyumbani.

Tiba yake ni dawa za kupunguza uvimbe, kuacha sigara na mazoezi ya kila siku. Kuogelea ni katika mazoezi yanayomfaa zaidi mgonjwa huyu, nayo bahari ilikuwa hatua chache kutoka mlangoni pake. Hilo hunichoma kila nikilikumbuka. Sindano mpya pia zipo, baada ya kupimwa kifua kikuu, maana zaweza kukiamsha kilicholala. Ila pingili zikishaungana, hakuna dawa ya kuzitenganisha.

Sasa nywele zimeanza mvi, na mkono wake bado ni stadi. Ijumaa hukaa kitini mwisho wa safu. Imamu akitoa salamu, kulia kisha kushoto, shingo ya fundi haigeuki, hugeuza macho.