Wazee Sabini wa Mwalimu

Somo: Hesabu 11:10–17



Musa alichoka. Watu walikuwa wakilia, kila mtu mlangoni pa hema lake, naye akamuuliza Mungu kama ni yeye aliyewazaa hata awabebe kifuani. Alifika mahali akaomba afe. Huyo ni Musa! Na Mungu hakumkemea kwamba hana imani. Alimwambia akusanye wazee 70 waubebe mzigo pamoja naye.

Nikiongea na walimu wa kanisa hili, nasikia kilio hicho hicho. Mwalimu wa ushauri nasaha ndiye huyo huyo anayefundisha Hisabati na kusahihisha madaftari usiku. Mtoto ana wiki mbili haongei, chakula hali, anajikata mkono kwa wembe. Mwalimu akimpigia mzazi simu anaambiwa, "Hicho ni kiburi tu, mchape." Ndugu yangu, kiboko kilipigwa marufuku shuleni tangu 2001. Na hata kingeruhusiwa, hakiponyi huzuni.

Wengine tunasema ni pepo. Sawa, tutaomba. Lakini tukisema amina, tumpeleke hospitali. Eliya alipotamani kufa, malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena.

Sasa, wazee 70 ni akina nani? Ni mimi na wewe.

Nyumbani kukiwa na msiba, ndoa ikiyumba au kazi ikiisha, mwambie mwalimu wa darasa mapema. Asibaki kubahatisha. Akikuita shuleni, nenda mwenyewe.

Mliosomea ushauri, nataka kuwaona baada ya ibada. Tutaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, mtoe saa moja kwa wiki. Mwende kusikiliza, si kuhubiri.

Siri ya mtoto isigeuzwe kuwa ombi la maombi kwenye WhatsApp.

Na mtoto akisema anataka kufa, mwamini. Usimwache peke yake, usimgombeze, mfikishe hospitali siku hiyo hiyo. Namba 116 ya kusaidia watoto haitozi hata shilingi, usiku na mchana.

Leo ukikutana na mwalimu hapo nje, usianze na alama za mtoto wako. Muulize, "Mwalimu, wewe mwenyewe uko aje?" Halafu ungoje jibu.

Mungu awabariki. Amina.