Mkubwa Hayupo

Katika afisi nyingi za nchi yetu, kabla hujamfikia mkurugenzi, wafika kwanza kwenye meza ya katibu mahsusi. Yeye ndiye apokeaye simu, apangaye miadi na ajuaye nani aingie na nani angoje. Tukiitazama vema kazi yake, twaona kwamba si kuandika barua tu, bali ni kutatua matatizo. Watu wawili wamepewa saa moja. Safari imeahirishwa lakini mkutano haukuahirishwa. Mgeni amekuja bila miadi, naye ana shida ya kweli. Mambo hayo yote humwangukia yeye, tena mara nyingi kwa wakati mmoja. Wafanyao kazi hiyo kwa uangalifu wastahili heshima kuliko wanayopewa.

Lakini iko dawa moja ya matatizo ipendwayo sana kwa kuwa ni nyepesi, nayo ni neno "hayupo". Mkubwa yumo chumbani mwake, mlango umefungwa, naye amesema hataki kuonana na mtu. Mgeni auliza, katibu ajibu, "Hayupo, ametoka." Tatizo limekwisha. Je, limekwisha kweli? Na je, ni halali mtu kusema hivyo kwa kuwa ameamriwa?

Wako wanaolitetea neno hilo. Wasema ni desturi ya afisi tu. Kila mtu ajua kwamba "hayupo" maana yake ni "hana nafasi kwako sasa", basi hakuna anayedanganywa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Hata baadhi ya walimu wa maadili walikubali kwamba maneno hupata maana kwa mazoea ya watu, na kwamba msemo ambao msikiaji aweza kuuelewa sawasawa si uongo. Hata hivyo uko mpaka. Mwaka 1679 Papa Inosenti XI alilaani fundisho la kwamba mtu aweza kutamka lisilo kweli, hata kwa kiapo, mradi aongeze moyoni maneno mengine ya kulinyosha. Maneno yaliyobaki moyoni hayamfikii msikiaji, wala hayamsaidii.

Basi yatupasa kuuliza msikiaji ni nani. Mfanyabiashara mzoefu aijua desturi. Asikiapo "hayupo", hutoa simu yake akampigia mkubwa mwenyewe. Tumfikirie sasa mzee aliyetoka kijijini kwa basi, amebeba bahasha yenye karatasi za pensheni yake. Huyo hulipokea neno kama lilivyosemwa. Akiambiwa kwamba mkubwa ametoka, ataketi kwenye benchi mpaka jioni akimngoja arudi, na huenda atalala mjini kwa fedha za kukopa. Na iwapo saa kumi atamwona mkubwa akitokea katika mlango ule ule, ataondoka akijua kwamba alidharauliwa. Siku nyingine hatalisadiki neno la afisi ile, hata likiwa kweli. Tatizo lile halikutatuliwa. Lilitolewa kwenye meza ya mkubwa likatwikwa kichwani mwa mnyonge.

Je, twasema kwamba katibu afichue kila jambo? Hasha! Kutunza siri si kusema uongo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba hakuna alazimikaye kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Mtakatifu Augustino naye, katika kitabu chake juu ya uongo alichokiandika yapata mwaka 395, asimulia habari za Firmus, askofu wa Thagaste, mji alikozaliwa Augustino mwenyewe katika nchi iitwayo leo Algeria. Askofu huyo alimficha mtu aliyemkimbilia. Watumishi wa Kaisari walipomtaka mtu yule, Firmus aliwajibu kwamba hawezi kusema uongo wala hawezi kumtoa. Wakamtesa, asibadili neno. Alipofikishwa mbele ya Kaisari, alistaajabiwa hata akapata msamaha kwa ajili ya yule aliyemficha. Aliulinda mlango wake pasipo uongo, na hatari yake ilikuwa kubwa kuliko kukaripiwa na mkurugenzi.

Basi katibu afanyeje? Kwanza, aseme lililo kweli na litoshalo: "Hataweza kuonana nawe leo." Neno hilo halifichui kama yumo ama hayumo. Pili, aulize kwa upole shida ni nini, kwani mara nyingi jambo lenyewe halimhitaji mkubwa. Lamhitaji karani wa chumba cha pili. Tatu, amwandikie mgeni siku na saa katika kitabu cha miadi, au, kama haifai kuja tena, amwambie waziwazi. Aliyekataliwa kwa kweli aweza kupanga safari yake, aliyedanganywa hawezi. Nne, jioni amwonyeshe mkubwa majina ya wote waliorudi bila kuonwa. Njia hii yataka akili na subira kuliko ile ya "hayupo", lakini ndiyo itatuayo.

Twajua kwamba si rahisi. Katibu ana watoto wa kusomesha, na mshahara wake u mikononi mwa yule anayemwagiza. Kwa hiyo mzigo mzito zaidi wa kosa hili ni wa mkubwa, aliyeutumia ulimi wa mtu asiyethubutu kukataa. Tena akumbuke kwamba amfundishaye katibu kusema uongo kwa ajili yake, amemfundisha pia namna ya kumdanganya yeye mwenyewe.

Nanyi wazazi, msidhani kwamba jambo hili ni la watu wa afisini tu. Mdai abishapo hodi, na baba akamnong'oneza mtoto, "Mwambie sipo," hapo ndipo mtoto ajifunzapo somo hilo kwa mara ya kwanza, na kwa mwalimu amwaminiye kuliko wote. Kheri baba atoke mwenyewe aseme, "Ndugu yangu, leo sina, nipe mpaka mwisho wa mwezi." Aibu yake itapita upesi, na mtoto aliyesimama nyuma ya mlango atakuwa amesikia jinsi mtu mzima anavyosema kweli.