Bidii Isiyomzulia Mtu



Huko Busoga nchini Uganda, mashariki ya Jinja, Askofu James Hannington aliuawa mwaka 1885. Alidhaniwa mtangulizi wa wavamizi, kwa kuwa alikuja kwa njia ya mashariki.

Na karibu na Mbale, katika chuo cha theolojia cha Buwalasi, kijana Mwacholi aitwaye Janani Luwum alianza masomo mwaka 1949. Alikuwa ameokoka mwaka mmoja kabla, katika uamsho wa Balokole, na moto wa injili uliwaka ndani yake. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Kianglikana wa Uganda.

Februari 1977 askari walipekua nyumba yake usiku wakitafuta silaha. Hawakupata kitu. Yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Rais Idi Amin barua wakipinga maonevu na mauaji. Tarehe 16, jijini Kampala, alishtakiwa hadharani kwa njama za kuipindua serikali, akauawa. Serikali ikatangaza kwamba alikufa kwa ajali ya gari.

Ndugu yangu, wote wawili walihukumiwa bila ushahidi. Bidii ya kweli humfanya mtu aseme kweli mbele ya mkubwa. Haimfanyi amzulie jirani. Nasi makanisani huwa tunahukumu kwa uvumi. Leo ukisikia shutuma, uliza ushahidi kabla ya kuipeleka mbele. Ukisingiziwa, jibu kweli, usilipize, usimkane Bwana wako.

Mungu akutie nguvu.