Umeme wa Upepo na Malalo ya Ngamia

Upepo ni katika vitu ambavyo fikihi huviita mubaha: hauna mwenyewe, kama asivyokuwa na mwenyewe samaki ambaye hajaingia wavuni. Watu wa Mombasa waliujua ukweli huo kabla ya kuusoma vitabuni. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, kusi ikayarudisha, na ushuru wa forodhani ulitozwa juu ya shehena, si juu ya upepo. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud huwafanya Waislamu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Upepo haukutajwa humo, lakini kwa njia ya kiyasi, yaani kulinganisha, ni vigumu kuutoa katika ushirika huo, kwa kuwa hata kuuzungushia ua hakuwezekani.

Anayeunasa upepo kwa mtambo wake, basi, humiliki umeme aliouzalisha, kama mvuvi anavyomiliki alichovua. Hapo hakuna mgogoro. Mgogoro huanzia chini, mahali nguzo inaposimama, maana nguzo hukaa ardhini na ardhi ina watu.

Mfano mkubwa kuliko yote nchini Kenya uko Marsabit, karibu na Ziwa Turkana. Mradi wa Lake Turkana Wind Power una mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, na ulizinduliwa rasmi Julai 2019. Umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa, ukaingia katika gridi ya taifa, ambayo kupitia Isinya hufika Rabai, mlangoni mwa Mombasa. Taa inayowaka jioni juu ya meza ya mchuuzi wa Mwembe Tayari ina sehemu yake katika upepo huo. Mtaa huu, ambao jina lake husimuliwa kuwa latokana na mwembe ambapo misafara ilijiweka tayari kwenda bara, sasa hupokea mali ya bara kwa waya.

Ardhi iliyokodishwa kwa mradi ni takriban ekari 150,000, nchi ambayo Warendille, Wasamburu, Waturkana na Waelmolo huitumia kwa malisho, maji na ibada. Mwaka 2014 baadhi ya wakaazi walikwenda mahakamani. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hati miliki zilitolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa taratibu za kutenga ardhi ya jamii hazikufuatwa, na ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha kasoro hiyo.

Wanaotetea kukodisha ardhi kwa namna ile hurudia neno moja: nyika ile ilikuwa tupu. Fikihi ina mlango wake kuhusu ardhi tupu, nao ni kuhuisha ardhi mfu, anayeihuisha huimiliki. Lakini madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani, yaliweka mpaka. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kilichosomeshwa vizazi kwa vizazi katika madarasa ya Waswahili, kila makazi yana harimu yake, yaani eneo ambalo makazi hayakamiliki bila hilo, na harimu haihuishwi na mtu mwingine. Nawawi anayataja maeneo hayo kwa majina: baraza ya watu, uwanja wa farasi, jaa la majivu, na malalo ya ngamia. Mwanachuoni wa Sham wa karne ya 13 aliona jambo ambalo mpimaji wa leo hulipita: mahali pasipo nyumba panaweza kuwa ndipo uhai wa kijiji ulipo. Si hoja kwamba wengi wa wafugaji hao si Waislamu. Swali hapa linamhusu anayeutumia umeme, na haki ya jirani haipunguzwi na dini yake.

Maslaha ya umma nayo ni hoja nzito. Umeme wa upepo hauchomi mafuta, na mradi ulijenga barabara ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Laisamis. Khalifa Umar naye alitenga malisho kwa manufaa ya dola. Hata hivyo, alimwamuru msimamizi wake amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awazuie matajiri, kwa sababu tajiri akipoteza mifugo ana mashamba ya kukimbilia, na maskini hana. Maslaha, kwake, yalianza kuhesabiwa kwa aliye dhaifu zaidi.

Inapopuuzwa hesabu hiyo, mradi wenyewe huponzeka. Huko Kinangop mradi wa megawati 60 ulifutwa mwaka 2016 baada ya upinzani wa wakulima, na pwani kwenyewe, mpango wa megawati 90 wa Baharini karibu na Mpeketoni uliandamwa na mizozo ya ardhi.

Kwa mizani ya Nawawi na ya Umar, upepo wa Marsabit ni halali kwa Mombasa. Lakini malalo ya ngamia si ardhi mfu. Idhini ya wenyewe ni sharti linalotangulia nguzo ya kwanza, na fidia inayokuja baadaye haishiki nafasi yake.