Nyumba ya Simoni wa Yafa
Somo: Matendo ya Mitume 9:43 – 10:23

Tukifika kwenye habari hii huwa tunakimbilia kwa Kornelio, yule akida asiye Myahudi. Leo, mpendwa, naomba tubaki kidogo Yafa, katika ile nyumba ya pwani walimolala Simoni wawili. Mmoja ndiye Petro, mvuvi wa Galilaya, asiyewahi kutia kinywani kitu najisi. Wa pili anatengeneza ngozi. Kwa Torati, kugusa mzoga ni kuwa najisi hadi jioni, naye alishinda katika kazi hiyo. Zamani hizo ngozi zililainishwa kwa mikojo na mavi ya wanyama. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi wa Kiyahudi uliokusanywa yapata mwaka 200, inaagiza kazi hiyo ifanyike dhiraa 50 nje ya mji. Petro akakaa katika nyumba hiyo siku nyingi.

Harufu ya namna hiyo naijua. Nilipoanza ualimu Mwanza nilipanga chumba kimoja na mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Aliondoka kabla ya alfajiri, akarudi ananuka ziwa zima. Nilimdharau, Mungu anisamehe. Koti lake alilianika nje kila usiku, nami nikadhani ni mazoea yake tu. Siku lilipoibiwa, jirani akaniambia, "Alikuwa analiacha nje kwa ajili yako, Mwalimu." Mwenyewe hakuwahi kulitaja. Mshahara wangu ulipochelewa miezi miwili, yeye ndiye aliyenilisha. Dagaa na ugali, kila jioni, na kila jioni alinisubiri ninawe kwanza.

Basi Petro alikuwa darini, saa sita mchana, ana njaa, chakula kinaandaliwa. Nadhani harufu ya ngozi ilimfikia hata huko juu. Ndipo ikashuka ile shuka yenye wanyama wa kila aina. Bwana angeweza kumwonyesha hayo Yerusalemu, hekaluni. Alimwonyesha juu ya dari ya mtu ambaye Petro alikwisha kula kwake na kulala kwake.

Petro angali anashangaa, watu watatu wa Kornelio wakabisha hodi, mmoja wao askari. Akawakaribisha ndani, wakalala humo. Nyumba haikuwa yake. Luka haandiki Simoni alisema nini usiku ule, lakini mimi naamini ndiye aliyewatandikia mikeka.