Alama ya Maji Ukutani

Mtu mmoja wa hapa Kindu alikuwa na kiwanja chenye nyumba kuukuu kando ya Lualaba. Ukutani palikuwa na mstari wa matope, mahali mto ulipofika siku za mafuriko. Kabla ya kuuza aliupaka chokaa. Mnunuzi, mama mjane, hakuuliza, na muuzaji hakusema. Baadaye akaniambia: "Katekista, sikusema uongo. Maji yalipanda zamani, yakashuka. Tena Mungu alimwahidi Nuhu."

Watu wakubwa kuliko yeye husema vivyo hivyo juu ya bahari, kwa hiyo tulipime neno lake.

Ni kweli, maji hayakukaa mahali pamoja tangu kale. Miaka 20,000 hivi iliyopita barafu nyingi mno ilifunika nchi za kaskazini, na bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa mita 120 hivi. Unguja ilikuwa imeshikamana na bara. Wataalamu wamejuaje? Kuna matumbawe, viumbe vidogo vijengavyo miamba baharini. Aina nyingine huishi karibu na uso wa maji tu, penye mwanga. Wakikuta mwamba wa aina hiyo umekufa kilindini, hupima umri wake, wakajua bahari ilifika wapi siku zile. Nao ni mstari wa matope, ila wa kale sana.

Sisi tunao ushahidi wa karibu zaidi. Ziwa Tanganyika hutoa maji yake kwa mto Lukuga, uingiao Lualaba upande wa Kabalo, nayo hupita hapa mbele yetu. Mwaka 1876 Stanley alikuta mlango wa Lukuga umezibwa kwa matope na majani, na ziwa lilikuwa linapanda. Yapata mwaka 1878 maji yakavunja kizuizi, na kabla ya karne ile kwisha ziwa likashuka karibu mita 10. Nani aungame kosa la mwaka 1878? Hakuna.

Je, basi muuzaji ana haki? Hata kidogo. Maji yaliyopanda zamani bila kosa la mtu yatufundisha kwamba yaweza kupanda tena, na ajuaye hivyo amefungwa kusema. Nuhu aliahidiwa kwamba gharika haitaangamiza tena wote wenye mwili. Hakuahidiwa kiwanja kikavu. Tena yeye alipoonywa alijenga safina, hakupaka chokaa.

Tangu mwaka 1900 bahari imepanda sentimita 20 hivi, na mwendo wake unazidi. Safari hii mkono wa mtu umo: moshi wa makaa ya mawe na petroli waongeza joto duniani, barafu yayeyuka, na maji yenyewe hutanuka yakipata joto. Wataalamu wakadiria kwamba kufika mwaka 2100 yataongezeka sentimita 30 hivi, au hata mita moja. Wengine hucheka: hawajui hesabu yao, tungoje! Lakini nahodha wetu asiyejua kama mchanga uko mita moja chini au mbili haongezi mwendo. Hupunguza, akatuma kijana mbele na mti wa kupimia.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika liliingia majumbani Kalemie, Uvira na Bujumbura. Lilijazwa na mvua, si na bahari, nami sitaki kuchanganya mambo. Lakini mwenye nyumba aliyeonywa na asiyeonywa hawakupata hasara sawa.

Mtasema: sisi wa Maniema tupikao kwa kuni tuna sehemu gani katika moshi ule? Ndogo sana, na wenye viwanda wana deni kwetu. Nasema hivyo bila kuficha. Lakini yule muuzaji naye hakuupandisha mto. Kosa lake ni chokaa.

Nilimwambia arudi kwa yule mama. Akaenda kabla ya mvua kubwa, akamwonyesha kwa mkono mahali mstari ulipokuwa. Ulimfika mama kifuani. Juu ya fedha za kurudisha, bado wanaongea.